Askofu Ambaye Cheche Hakumtoa

Karakana ya Miwani,
Ghorofa ya pili, chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 9 Machi, saa nane mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kitini kama mtu, si umelala kifudifudi kama mwezi wa kwanza mgongo ulipokukaba. Vipi huo mgongo? Vipi presha? Na vidonge unavimeza kweli, au unavihesabu tu na kuvirudisha kwenye kopo? Nakujua wewe.

Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti linamsumbua asubuhi, lakini mdomo wa dada yako hauna hata dalili ya ugonjwa. Juzi kamfokea muuza maziwa mpaka yule bwana kaondoka bila chombo chake. Wifi yangu naye ni mzima. Amepata kazi ya kukagua vitambaa kiwandani, na safari hii nilimsikia akicheka jikoni. Mwaka mmoja na miezi miwili tangu tumzike Cheche, ndiyo kwanza namsikia mjane wake akicheka.

Kwenye kifurushi nimekufungia miwani mpya. Lenzi nimezisaga mwenyewe, ile ya kushoto nimeirudia mara tatu kwa sababu kipimo ulichonitumia kimeandikwa na daktari mwenye haraka zake. Uivae unaposoma hii. Nisije nikaambiwa baadaye hukuona vizuri.

Najua utauliza, kwa nini barua ndefu hivi na simu ipo. Mjomba, wewe kwenye simu ukisikia neno usilolipenda unakata, halafu unasingizia mtandao. Barua haikatiki. Naomba uisome mpaka chini.

Basi nianze na uliloniuliza. Umeandika kwamba habari zimekufikia huko: mpwa wako wa kike, fundi miwani, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata, eti siku hizi akikaa kwenye sataranji anashambulia kama amefumaniwa na nyuki. Ukafurahi. Ukaniambia mchezaji wa namna hiyo asichague mianzo ya mchezo ovyo, achague ile inayofanana na damu yake, na ukataka nikutajie ninayoitumia, moja moja, na sababu zake. Nitakutajia. Ulitufundisha wewe, mimi na Cheche, juu ya ule ubao uliouchora kwa rangi nyuma ya mlango wa kabati ulioung'oa. Una haki ya kujua.

Nikicheza na kete nyeupe natumia Mlango Wazi. Majina yetu ya nyumbani sijayaacha. Klabuni wananicheka, maana vitabuni mianzo hii ina majina mengine kabisa, lakini sisi tuliijua kabla ya vitabu. Namsukuma askari wa mfalme nyumba mbili. Mwenzangu akijibu vilevile, namtoa sadaka askari wa jirani, yule anayesimama mbele ya askofu wa mfalme. Akimla, askari wake wa katikati amehama, nami napata njia iliyonyooka ya kupitisha ngome hadi kwenye ile nyumba dhaifu kando ya mfalme wake. Hasara yake unaijua: na mlango wangu mimi uko wazi. Farasi asipotoka mapema, malkia wake anakuja ubavuni kumchungulia mfalme wangu akiwa hajavaa hata viatu. Huu si mwanzo wa mtu mwoga.

Siku ambayo mpinzani ananijua sana, natumia Sadaka Mbili. Hapo natoa askari wawili na maaskofu wangu wote wawili wanaelekea upande wa mfalme wake, kila mmoja kwenye mstari wake. Fundi bomba, mwenzetu wa klabuni ambaye ni mwoga wa maaskofu kuliko wa mkewe, nilimmaliza kwa huo katika hatua kumi na tisa.

Nikiwa na nyeusi, na yeye kaanza na askari wa mfalme, simjibu uso kwa uso. Namsukuma askari wa upande wa malkia, yule wa mbele ya askofu. Cheche aliuita Ubavuni. Faida yake ni kwamba mchezo unakuwa na pande mbili zisizofanana tangu hatua ya kwanza, na mtu aliyekuja kutafuta sare anajikuta ameingizwa vitani bila kuulizwa. Akianza na askari wa malkia, nachukua Dirisha, yule askari wangu wa mbele ya askofu wa mfalme anatoka nyumba mbili. Unamfungulia mfalme wako upepo, ndiyo, lakini unapata nafasi ya kurusha mawe.

Hiyo ndiyo orodha, Mjomba. Mianzo minne. Na yote minne ni ya Cheche.

Sikuichagua. Ndilo jambo ninalotaka kukwambia, na ndilo linaloninyima raha. Ulinijua tangu utoto. Mimi ndiye nilikuwa najenga ukuta, namficha mfalme pembeni, nasubiri. Cheche ndiye alikuwa anavunja. Alipokufa, klabu ikaniomba nikae kwenye kiti chake, meza ya kwanza, ili timu isipungue. Nilikaa siku ile nikiwa na nia ya kucheza Ukuta, mwanzo wangu wa siku zote. Nilisukuma askari wa mfalme, sijui kwa nini. Mpinzani akajibu. Nikaona mkono unakwenda kwa yule askari wa jirani na kumtoa sadaka. Nilishinda, watu wakanipongeza, nami nikaondoka bila hata kukusanya kete.

Fundi bomba ndiye aliyenifungua macho. Baada ya mchezo wetu alibaki ananitazama, hapangi kete. Akaniuliza, "Fundi, tangu lini unatumia mkono wa kushoto?" Mimi natumia wa kulia, Mjomba. Nasaga kwa kulia, naandika kwa kulia, hata mwiko nashika kwa kulia. Wa kushoto alikuwa Cheche. Nikamwambia fundi bomba aache masihara. Lakini mchezo uliofuata nikajichunguza, na kweli, askari wa sadaka nilimsukuma kwa kushoto, na saa nikaigonga kwa kushoto.

Na si hilo tu. Unakumbuka ule mluzi wake wa ndani kwa ndani, wa kupitisha pumzi kati ya meno, kila alipotaka kutoa kete kubwa? Wachezaji wote walikuwa wakiusikia wanaanza kujikagua walikosea wapi. Mwezi uliopita nilikuwa karakanani, nimeinamia jiwe la kusagia, maji yanatiririka kwenye lenzi ya mteja, mlango umefungwa. Nikausikia. Nilizima mashine nisikilize vizuri unatoka wapi, na wenyewe ukakatika. Nikawasha, ukarudi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba unatoka mdomoni mwangu.

Usinicheke, na usimwambie Mama, atanipeleka kuombewa mpaka nichoke. Sijarukwa na akili. Nala, nalala, nafanya kazi, lenzi zangu hazirudishwi. Ila nikikaa kwenye kile kiti nahisi kuna mtu amekaa kabla yangu na hajainuka. Na najua anataka nini kwangu. Nimelijua tangu mwanzo, nimekuwa nikijifanya kiziwi.

Sasa naomba unywe maji, Mjomba, maana nafika.

Ule mchezo wa mwisho wa Cheche, fainali. Sare tu ilitosha. Timu yetu ilikuwa mbele, akipata sare meza ya kwanza kombe letu. Mpinzani alikuwa yule mwalimu wa hesabu, mtu mtulivu asiyetoa hata jasho. Cheche alikuwa na nyeupe, na sote tulijua atacheza Mlango Wazi. Akacheza Ukuta. Askari wa malkia mbele, askofu mmoja nje, askari wengine wakajipanga nyuma yake kama matofali. Akabanwa taratibu, akalegea, akapoteza askari mmoja, na katika hatua ya hamsini na kitu akasalimu amri. Siku kumi na mbili baadaye alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mashine ya kuchomelea ikiwa bado mkononi.

Wewe ulikuja kwenye msiba ukiwa na swali moja. Nani alimbadilisha mtoto yule mchezo? Ulisema mshambuliaji ukimwambia ajenge ukuta umemfunga mikono, na kwamba aliyempa ushauri ule alimvunja moyo, na mtu aliyevunjika moyo hapaswi kupanda juu. Mama, bila kufikiri, akasema Kinyozi ndiye alikuwa anawafundisha klabuni. Nilikuwa nimekaa pale pale sakafuni, nimeshika birika. Nikamimina chai.

Kinyozi, rafiki yako wa miaka arobaini, ambaye ulikaa kwenye kiti chake cha kunyolea tangu nywele zako zikiwa nyeusi. Ulimwandikia kutoka huko kwamba amemzima mpwa wako kabla mauti hayajamfikia, na kwamba asikutafute tena. Nilikuwepo alipoisoma. Alikuwa na mteja ana povu nusu uso. Akaisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kwenye droo ya vitana, akaendelea kunyoa. Tangu siku hiyo hajagusa kete. Jumamosi anakuja klabuni, anasimama ukutani, anatazama, anaondoka.

Hakuwa yeye, Mjomba. Ni mimi.

Mimi ndiye niliyemwambia, "Mara moja tu, Cheche, cheza kama mtu mzima." Jioni nne nilimkalisha kwenye meza ya jikoni nikimfundisha Ukuta, na wifi yangu akitupikia, akidhani tunacheza tu. Alinilalamikia. Aliniambia, "Dada, mimi nikikaa kimya nasinzia. Huu ni mchezo wako, si wangu." Nikamjibu kwamba kombe si lake peke yake. Nilijua hatanibishia. Tangu tumzike baba yetu hakuwahi kunibishia jambo lolote nililolisema kwa sauti ile. Kinyozi alipojua, alinikataza mbele ya watu wawili. Alisema nisimnyang'anye mtoto miguu yake siku ya kukimbia. Nikamjibu jeuri, kwamba yeye anyoe vichwa na aniachie ndugu yangu.

Ningekuwa nimekosea hapo tu, pengine ningelala vizuri. Kuna jingine.

Hatua ya kumi na tisa, hata ule Ukuta wangu ulimfungulia nafasi. Askofu wake wa nyumba nyeupe alikuwa anatazama moja kwa moja yule askari wa pembeni aliyemkinga mfalme wa mwalimu. Kumla yule askari ni kumtoa askofu bure, lakini mfalme anatolewa uchi, na farasi na malkia wa Cheche walikuwa njiani. Cheche aliona. Niliuona mwili wake wote ukiinuka. Akaanza ule mluzi. Alikaa dakika kumi na moja, halafu akanyanyua kichwa akanitafuta kati ya watazamaji, na macho yetu yakakutana.

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Unajua sheria, wewe ndiye uliyetufundisha: mtazamaji hatoi ishara, hata ya kope. Ingeonwa, tungefukuzwa mashindanoni sote wawili. Nilifanya. Mluzi ukakatika. Akamrudisha askofu nyuma nyumba moja, taratibu, na kuanzia hapo akawa anasukuma kete tu. Mtu mmoja tu aliniona, naye ni Kinyozi. Alikuwa amesimama upande wa pili wa meza.

Baada ya mazishi, mchomeleaji mwenzake Cheche alikuja karakanani kupima macho. Mtu wa watu hakujua anachoniambia. Alisema siku zile za mwisho, kila mapumziko ya mchana, Cheche alikuwa anapanga nati na bolti juu ya ubao, nati upande huu, bolti upande ule, mpango uleule kila siku. Kisha anamwuliza, "Ungekuwa wewe, huyu ungemtoa au usingemtoa?" Yule bwana hajui sataranji. Akawa anajibu tu lolote, leo mtoe, kesho usimtoe. Siku ya kuanguka alikuwa amejibu mtoe, na Cheche akacheka, akamgonga bega, akapanda juu.

Nilipanga hizo kete mwenyewe nikiwa peke yangu. Nikamtoa askofu. Nimejaribu kila jibu ambalo mwalimu wa hesabu angeweza kulitoa, nimeutafuta wokovu wa mfalme yule kuliko ninavyotafuta mkwaruzo kwenye lenzi. Haupo. Hatua saba na mchezo umekwisha. Angeshinda, Mjomba. Angeshinda mimi nikiwa nimekaa tuli.

Jana ilikuwa fainali tena. Meza ya kwanza, mimi na mwalimu yuleyule wa hesabu, na tena sare ilitosha. Nilijiapiza kwamba nitacheza Ukuta na nitaomba sare mapema nirudi nyumbani. Nikacheza Mlango Wazi. Alikubali sadaka. Hatua ya kumi na nne nikatoa farasi, ya kumi na nane nikatoa ngome, na mkono wangu wa kulia ulikuwa mapajani muda wote kama wa mgeni. Hatua ya ishirini na tatu mwalimu akamlaza mfalme wake. Ukumbi ukalipuka. Na unajua walikuwa wanaita nini? "Cheche! Cheche!" Wote. Hakuna hata mmoja aliyeita jina langu, na sikumwona mtu aliyestaajabu.

Kinyozi peke yake hakupiga makofi. Alisubiri watu wapungue, akaja karibu. Amekonda, shati linamcheza. Akaniambia, "Mchezo mzuri. Sasa mwandikie mjomba wako." Hayo tu. Mwaka na miezi miwili amebeba mzigo wangu, neno lake moja lingenivua nguo mbele ya ukoo mzima, na hakulisema. Nilipomwuliza kwa nini, alisema Mama alishazika mmoja, hakutaka awapoteze wawili.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Uliniambia nichague mianzo inayomfaa mchezaji mshambuliaji. Mjomba, mchezaji mshambuliaji amekufa. Mimi ni yule aliyemfunga mikono, kisha nikajivika mchezo wake nikitumaini kwamba nikishinda vya kutosha atatosheka na kuniacha. Klabu nimewarudishia kiti leo asubuhi, kabla sijashika kalamu. Nimewaambia sababu, na ile ishara nimewaambia pia. Wakitaka kunifuta uanachama, wanifute.

Sikuombi unisamehe kwa haraka. Nikasirikie, una haki, na ukitaka kurudisha miwani irudishe. Lakini kuna jambo haliwezi kungoja hasira zako. Tarehe 29 mwezi huu Kinyozi anafanyiwa upasuaji wa moyo. Daktari hakumficha: anaweza kuamka, anaweza asiamke. Amenikataza nisikwambie, anasema hataki kusamehewa kwa sababu ya ugonjwa. Nakwambia hata hivyo, maana nimekwishanyamaza kupita kiasi.

Barua yangu itachukua siku sita kukufikia, na ya kwako siku sita kurudi. Muda upo, lakini hautoshi kwa mtu anayetaka kununa kwanza.

Nisalimie mkaza mjomba, mwambie ule mchanganyiko wake wa dawa ya mgongo Mama anauulizia. Nisalimie binamu zangu wote wawili, fundi umeme na yule asiyependa kuandika. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe macho mazuri na moyo mwepesi, na akuzidishie siku.

Na Mjomba, kama nguvu zako zitatosha barua moja tu, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Wako akupendaye, hata usiponijibu,
Mpwa wako.